Pigo la Tatu Katika Mnara wa Saba

Mwanamke aliyepatwa na mambo haya si mtu wa kuogopa kivuli chake. Kazini walimwita Bi Mizani, na wanaomfahamu wanasema halijapata kutokea jina likamkaa mtu sawasawa kama hilo. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, alikujibu kwa "huenda" mbili na "isipokuwa" moja. Hakuwa na hirizi, hakuwa na ndoto za kusimulia, na mtu akianza habari za mizimu mbele yake alimuuliza kwa upole: "Ulimwona mwenyewe, au uliambiwa?" Wengi waliishia hapo. Inafaa kuyajua hayo mapema, kwa sababu shahidi mkuu wa habari hii ni yeye, na habari yenyewe haimpendelei.

Kazi yake ilikuwa kuunyoosha umeme. Juu ya kilima, nyuma ya ofisi yao, ilisimama minara kumi na miwili ya upepo. Upepo, kama ajuavyo kila aliyeanika nguo, hauna adabu: huja kwa kishindo, ukakata pumzi, ukarudi ukiwa umesahau ulichofuata. Umeme nao hautaki mzaha. Unatakiwa utoke kwa kipimo kilekile, dakika hadi dakika. Kilichosuluhisha ugomvi wa wawili hao ni giaboksi, sanduku la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kulala, lililokaa kileleni mwa kila mnara kati ya jenereta na mapanga yazungushwayo na upepo. Ndani yake mkono wa chuma ulisogea mbele na nyuma, ukibadilisha gia kidogo kidogo, ili mapanga yazunguke yatakavyo na jenereta izunguke kwa mwendo mmoja tu. Bi Mizani ndiye aliyeuamuru mkono huo, akiwa chini, kwenye kiti chake, mbele ya skrini yenye mistari kumi na miwili ya kijani. Mstari ulionyooka ulikuwa heshima yake.

Asubuhi ya Jumanne hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Birika lilikuwa linatokota. Fundi wa minarani, aliyeitwa Kamba kwa kuwa alishinda akining'inia, alikuwa amekalia meza isiyokaliwa, akipuliza chai.

"Dada, mstari wako wa saba unakonyeza."

"Mstari haukonyezi."

"Basi umepatwa na kwikwi. Si huo hapo?"

Aliangalia. Mstari wa mnara wa saba ulikuwa na mibonyeo miwili midogo, mmoja baada ya mwingine, kama alama za kucha kwenye sabuni. Saa nne na dakika arobaini. Bi Mizani alivuta kumbukumbu za jana yake: mibonyeo miwili, saa nne na dakika arobaini. Juzi yake, vivyo hivyo. Aliendelea kurudi nyuma, wiki hadi wiki, chai yake ikapoa. Mibonyeo ilianza wiki kumi na nne zilizopita. Siku ya kwanza ilikuwa siku iliyofuata mazishi ya kaka yake.

Kaka huyo, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, alikuwa fundi wa giaboksi, na kwa kuwa kucha zake hazikupata kutakata alijulikana kwa jina la Grisi. Alifia katika mnara wa saba, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya giaboksi.

Kanuni ya kazi ile ni moja, na haina tafsiri mbili. Kabla fundi hajaingiza mkono ndani, azime swichi kuu ya mnara na kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe, lenye namba yake, na ufunguo ukae shingoni mwake. Mwenye kufuli ndiye anayelifungua. Hata mkurugenzi hana ruhusa ya kugusa kufuli la mwenzake. Lakini kuzima swichi kulimaanisha mnara mzima kusimama, na mstari kuanguka. Kwa hiyo ndugu hao wawili, waliokula sahani moja tangu utotoni, walijitengenezea njia ya mkato ambayo watu wasiofahamiana kiasi hicho wasingethubutu kuifuata. Kwa kazi ndogo, kama kufuta mafuta kwenye kipimo, Grisi hakufunga kufuli. Dada yake aliusimamisha mkono wa chuma kutoka mezani kwake. Grisi aliiweka redio yake ya mawasiliano juu ya giaboksi na, kwa kuwa kelele za kule juu humeza sauti ya mtu, alipomaliza aligonga chuma kwa spana mara tatu, polepole. La kwanza: nimemaliza. La pili: natoa mkono. La tatu: nimetoka, achia.

Katika maelezo aliyoyatia saini baada ya ajali, Bi Mizani aliandika kwamba alisikia mapigo matatu, ndipo akaachia. Hakuandika kwamba njia ya mkato ilikuwa yao wote wawili. Hapakuwa na shahidi mwingine, na vinasa sauti viliwekwa baada ya ajali. Uchunguzi ukahitimisha kwamba marehemu alikufa kwa uzembe wake: hakufunga kufuli, tena aligonga kabla ya kutoa mkono. Kufuli lake jekundu, namba kumi na tisa, lilikutwa mfukoni mwake. Namba hiyo ikafutwa kwenye ubao wa mafundi.

Bi Mizani hakukurupuka. Alitumia siku tatu kuihoji mibonyeo ile kama anavyohojiwa shahidi asiyeaminika. Huenda jino la gia limekatika? Jino bovu hugonga kila mzunguko, haligongi mara mbili kwa siku. Huenda kipimo ni kibovu? Alikibadilisha na kile cha mnara wa tatu. Mnara wa tatu ukabaki mzima, wa saba ukaendelea. Huenda hitilafu inatoka nje, kwenye nyaya za umeme? Minara mingine kumi na mmoja ingeionyesha. Kwenye daftari aliandika: sababu haijajulikana. Kisha akakaa akiyatazama maneno hayo.

Jioni ya siku ya tatu alikwenda kwa wifi yake, mjane wa Grisi. Wifi alikuwa sebuleni, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa.

"Karibu, wifi. Kaa. Mbona unatembea tembea kama uliyeacha kitu motoni?"

"Nimekaa kutwa nzima, wifi."

Wifi alifungua droo ya kabati, akatoa kitambaa cheupe, akakifunua. Ndani mlikuwa na kufuli jekundu na ufunguo wake.

"Kila jioni nalitazama," alisema. "Jana sokoni mtu kaniambia usoni, haraka haraka haina baraka, mama. Nimebeba nyanya zangu, simjui hanijui. Mimi sasa ni mjane wa mzembe." Alilifunika kufuli taratibu. "Wewe ndiye uliyemsikia mwisho. Niambie tena aligonga mara ngapi. Ngapi?"

"Tatu."

"Zote ulizisikia?"

"Tatu, wifi."

"Mume wangu alikuwa hali mpaka asugue kila ukucha. Nusu saa bombani, ugali unapoa. Mtu wa namna hiyo anagonga la tatu mkono ukiwa ndani?"

Ukweli, ambao Bi Mizani hakuwahi kumwambia kiumbe, ni kwamba asubuhi ile upepo ulikuwa unapungua, mstari ulikuwa unashuka, na mtu wa gridi ya taifa alikuwa kwenye simu akipiga kelele. Alisikia pigo. Akasikia la pili. Kisha ukaja mvumo mrefu wa upepo, naye akajiambia kwamba la tatu limemezwa humo. Akaachia.

Alisikia mawili.

Asubuhi iliyofuata Kamba alipanda mnara wa saba kukagua giaboksi. Ilikuwa saa nne na robo, jua kali, mbingu haina hata kipande cha wingu. Swichi ilizimwa, mapanga yakasimama. Kwenye skrini, mbele ya namba saba, neno lilibadilika: IMEFUNGWA.

"Nimefunga kufuli, dada," Kamba alisema redioni. "Na nimeanza kuona njaa. Huku juu kimya kama msikitini mchana."

"Fanya kazi, acha maneno."

"Naingiza mkono."

Saa nne na dakika thelathini na tisa, neno kwenye skrini lilibadilika tena. HURU.

Maana yake ilikuwa kwamba kufuli limeondolewa. Bi Mizani alisogea mbele. Huenda Kamba amemaliza. Huenda.

Redio ikatoa sauti ya chuma.

Ko.

Akatulia.

Ko.

Alishika ukingo wa meza. Kugonga kulikuwa kumepigwa marufuku tangu ajali; hakuna fundi aliyegonga tena katika minara yote kumi na miwili.

Ko.

Mapigo matatu. Safi, ya polepole, kila moja na nafasi yake. Skrini inasema huru. Chuma kinasema nimetoka, achia. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, na kwa kanuni yoyote ile, iliyoandikwa na isiyoandikwa, alikuwa na haki ya kukibonyeza.

Hakubonyeza. Alichukua redio.

"Kamba. Umetoka?"

Mnong'ono ukajibu, wa karibu sana, kama wa mtu anayechelea kuamsha kitu.

"Dada... si mimi niliyegonga."

"Mkono wako uko wapi?"

"Uko ndani."

Hapo ndipo namba ilipojitokeza kwenye skrini. Thelathini. Ishirini na tisa. Bi Mizani aliijua, kwa sababu aliiandika yeye: swichi ikionekana haina kufuli, na upepo upo, programu huiwasha yenyewe baada ya sekunde thelathini, ili mstari usikae chini muda mrefu. Aliionea fahari programu ile.

"Toa mkono! Kamba, toa!"

"Umenasa. Mkono wa ovaroli umenasa."

Alibonyeza kitufe chekundu cha dharura. Ishirini. Akabonyeza tena. Kumi na tisa. Alikipiga kwa ngumi. Kumi na saba. Kule juu alisikia kitambaa kikivutwa, na Kamba akihema, na mara moja akimwita mama yake.

Kumi na mbili.

Kisha redio ikatulia. Haikuzimika. Ilitulia, kama chumba kinavyotulia mtu anapoingia. Na ndani ya utulivu huo sauti ikasema, bila hasira, kwa uchovu wa mtu aliyesubiri sana:

"Mdogo wangu. Ulisikia mara ngapi?"

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemwita hivyo.

Tisa. Nane.

Mdomo wake ulifunguka.

Sita.

"Ngapi?"

"Mbili," alisema. Kisha akapaza sauti, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. "Nilisikia mbili! Niliandika tatu, lakini nilisikia mbili! Kaka, nisamehe, zilikuwa mbili!"

Namba ikasimama.

Ilisimama kwenye mbili. Neno la juu likabadilika: IMEFUNGWA.

Kamba alijichomoa. Sauti yake redioni haikuwa na mzaha hata chembe.

"Dada. Nani alipanda huku kabla yangu leo?"

"Hakuna."

"Kufuli langu liko sakafuni. Limefunguka. Nadhani sikulibana vizuri." Zikasikika hatua zake. "Lakini swichi imefungwa. Kuna jingine."

"La rangi gani?"

"Jekundu," alisema Kamba. "Kumi na tisa."

Haki inataka isemwe kwamba Kamba alikuwa amejawa na hofu, na mtu mwenye hofu huona mengi. Lakini kufuli halikuhitaji kuaminiwa; lilihitaji kutazamwa tu, na kabla ya saa sita watu watatu walikuwa wamepanda na kulitazama. Haki inataka pia isemwe kwamba kinasa sauti kilisikilizwa. Kilikuwa na mapigo matatu. Kilikuwa na sauti ya Bi Mizani akisema mbili. Kabla ya jibu hilo, mahali palipopaswa kuwa na swali, palikuwa na sekunde nne za kimya, na Kamba alikula kiapo kwamba hakumsikia mtu.

Bi Mizani alimpigia simu wifi yake.

"Wifi, fungua droo."

Alisikia mbao zikisuguana.

"Ufunguo upo," wifi alisema. "Kufuli halipo. Na kitambaa, wifi... kitambaa kina grisi. Bado mbichi."

Alasiri hiyo Bi Mizani aliandika maelezo mapya, kurasa mbili, kwa mwandiko wake, hakutumia hata "huenda" moja. Aliandika kwamba njia ya mkato ilikuwa yao wawili. Aliandika kwamba kaka yake hakufanya haraka; alifia katikati ya pigo la pili na la tatu, akingali anautoa mkono kama walivyokubaliana. Sentensi ya mwisho ilisema: "Pigo la tatu nililigonga mimi, kwa kalamu." Aliyasoma kwa sauti mbele ya mkurugenzi na mbele ya wifi yake. Wifi hakulia wala hakumtukana. Alisema tu, "Wiki kumi na nne, na ulikuwa unakunywa chai yangu," akageuza uso ukutani.

Bi Mizani alisimamishwa kazi kuanzia saa hiyo. Namba kumi na tisa ikaandikwa upya kwenye ubao.

Kesho yake walikutana wanne katika chumba cha udhibiti ili kukabidhiana: yeye, wifi, mkurugenzi na Kamba. Mnara wa saba ulikuwa bado umezimwa, swichi yake ikishikwa na kufuli jekundu. Mkurugenzi alimwomba wifi atoe ufunguo.

"Hapana," wifi alisema. "Kanuni yenu inasema mwenye kufuli ndiye anayelifungua."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na tangu waingie haukuwa umefunguliwa. Juu ya hilo wote wanne wanakubaliana. Kwenye skrini mstari wa saba ulilala kwenye sifuri, chini kabisa, kwa kuwa mnara uliozimwa hauzalishi kitu.

Saa nne na dakika arobaini mstari huo uliinuka. Mara moja tu. Kilima kidogo, cha upana wa ukucha, kikapanda kutoka kwenye sifuri na kushuka tena.

Walisubiri. Dakika moja, tano, kumi. Lilikuwa pigo la tatu, wala halikuja jingine.

"Ametoka," wifi alinong'ona.

Kamba, ambaye hakuwa na uwezo wa kunyamaza hata alipotaka, akauliza kwa sauti ndogo: "Ametoka kwenda wapi?"

Bi Mizani alichukua mkoba wake na kuuendea mlango, akanyoosha mkono, akaurudisha. Kitasa kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa kimepakwa grisi, nyeusi, mbichi, yenye alama za vidole vinne na dole gumba, za mkono wa kulia.

Alama hizo zilikuwa upande wa ndani.